Volti 8 ambazo si 8: pawa saplai za kompyuta za kadi

Mtu ananunua kompyuta ya mwaka 1976. Anaifungua, anachomoa kadi zote (vibao vyenye vipuri) kwa tahadhari, anawasha, kisha anaweka mita kwenye waya ulioandikwa volti 8. Mita inasoma 10.6. Anazima mbio na kuwaandikia wenzake kwamba pawa saplai imeharibika, inatoa umeme kupita kiasi, na bahati yake alichomoa kadi mapema. Ushauri unamiminika. Mmoja anasema abadilishe transfoma. Mwingine anasema atupe lote, afunge pawa saplai ya kompyuta ya mezani ya siku hizi. Wa tatu anasema aongeze regulata, kidude cha kutuliza volti, ya volti 8 mbele ya kadi. Wote watatu wanatibu mgonjwa asiyeumwa.

Nimeona mjadala wa namna hii mara nyingi kiasi cha kuamini kwamba tatizo si uvivu wa kusoma. Tatizo ni neno lenyewe. Tukisema "pawa saplai" leo tunafikiria kiboksi kimoja: upande huu unaingia umeme wa ukutani, upande ule unatoka umeme safi, tayari kuliwa na vipuri. Kwenye kompyuta tutakazozizungumzia hapa, hicho kiboksi hakipo. Nusu ya pawa saplai iko ndani ya kabati, nzito kama jiwe la kusagia. Nusu nyingine imetawanywa kwenye kadi, kipande huku na kipande kule. Aliyepima 10.6 alipima nusu ya kwanza akaihukumu kana kwamba ndiyo yote.

Kwanza tuzifahamu mashine zenyewe. Januari 1975 jarida la Marekani la Popular Electronics liliweka kwenye jalada lake Altair 8800, kompyuta iliyouzwa kwa dola 397 ikiwa vipande vya kujiunganishia mwenyewe. Watengenezaji walikuwa MITS, kampuni ndogo ya Albuquerque, New Mexico, chini ya Ed Roberts. Ubongo wake ulikuwa Intel 8080. Lakini kilichoishi kuliko kampuni yenyewe ni ubao wake wa chini, wenye soketi za pini 100 zilizopangwa sambamba. Kadi moja ni ubongo, nyingine kumbukumbu, nyingine ya kuzungumza na kifaa cha kuandikia. Unachomeka unachohitaji, kesho unaongeza. Mwisho wa mwaka huo IMS Associates ya San Leandro, California, wakaja na IMSAI 8080 yenye soketi zilezile, na nyuma yao wakafuata Cromemco, Processor Technology, North Star na wengine wengi. Mpangilio ule ukaitwa S-100, na mwaka 1983 ukapata hadhi ya kiwango rasmi cha chama cha wahandisi wa umeme, IEEE 696.

Pampu, valvu na tenki

Sasa umeme. Volti ni msukumo, kama urefu wa tenki la maji juu ya paa: likipanda juu, maji yanatoka bombani kwa nguvu. Ampea ni wingi wa maji yanayopita. Ukizidisha volti kwa ampea unapata wati, yaani kazi inayofanyika au joto linalozaliwa kila sekunde. Umeme wa ukutani ni wa AC, unakwenda mbele na kurudi nyuma mara nyingi kila sekunde. Vipuri vya kompyuta vinataka DC, umeme wa njia moja usioyumba.

Fikiria kisima cha pampu ya mkono. Ukisukuma mpini maji yanaruka, ukiuinua yanakatika. Umeme wa ukutani nao uko hivyo, unakuja kwa mikupuo. Kitu cha kwanza kwenye kabati ni transfoma, ambayo kazi yake ni kushusha msukumo kutoka volti mia na zaidi hadi chache, na wakati huohuo kutenganisha kabisa umeme wa ukutani na vidole vyako. Baada yake zinakuja dayodi nne, ambazo ni valvu: zinahakikisha kila mkupuo, uwe wa kwenda au wa kurudi, unaelekezwa upande mmoja. Halafu kapasita, kopo kubwa la bati lenye ukubwa wa chupa ya maji. Hilo ndilo simtanki. Mikupuo inalijaza kwa vipindi, bomba linachota bila kukatika.

Na hapo ndani ya kabati la IMSAI kazi imekwisha. Hakuna regulata, hakuna kinachoamua kwamba volti ziwe 8 kamili. Umeme unapelekwa kwenye soketi jinsi ulivyo, ukipanda na kushuka kufuatana na kinachouvuta. Bila kadi hata moja, hakuna anayechota, na simtanki linajaa hadi pomoni: 10, 10.6, hata 11. Chomeka kadi nyingi na kiwango kinashuka kuelekea 8. Kwa hiyo "8" ni jina tu. Fundi seremala akikuagiza mbao ya mbili kwa nne, unajua ukiweka rula hupati mbili wala nne, na huendi kumshitaki mwenye duka.

Njia hizo ziko tatu. Volti 8 chanya inaingia kwenye pini ya 1 na ya 51. Volti 16 chanya iko pini ya 2, na volti 16 hasi pini ya 52. Pini za 50 na 100 ni sifuri, njia ya kurudia. Vitabu vingine vya zamani vinaandika 18 badala ya 16, na sasa unajua kwa nini hakuna aliyegombana kwa hilo.

Nusu ya pili iko kwenye kadi

Chukua kadi yoyote ya S-100 uitazame pembeni. Utaona kidude cheusi chenye miguu mitatu kilichofungwa kwa skrubu kwenye bati la kupozea, kimeandikwa 7805. Hiyo ni regulata. Mguu mmoja unapokea volti 8 zisizo 8, wa kati ni sifuri, wa tatu unatoa volti 5 zisizoyumba. Ndugu yake 7812 anatoa 12. Kwa upande hasi wapo wa ukoo wa 79. Kadi ya ubongo wa 8080 inahitaji yote hayo, maana kipuri kile kinataka 5 chanya, 12 chanya na 5 hasi kwa pamoja.

Regulata ya aina hii ni koki inayojirekebisha. Inapima maji yanayotoka. Yakizidi inajibana, yakipungua inajiachia. Inachohitaji ni ziada kidogo upande wa kuingilia. Kwa 7805 ziada hiyo ni kama volti 2, maana yake usiipe chini ya 7. Juu yake inavumilia mpaka 35. Kwa hiyo zile 10.6 zilizomtisha mwenzetu, kwa regulata si chochote. Angekuwa na haki ya kuogopa kama mita ingesoma 6.5.

Swali linalofuata huwa hili: kwa nini wasidhibiti volti 5 mara moja pale kwenye kabati, wakazisambaza zikiwa safi? Kwa sababu hesabu haikubali, hasa kwa bei za mwaka 1975. Kidude cha kutoa ampea moja kilikuwa rahisi na kinapatikana. Saketi ya kutoa ampea 20 zilizodhibitiwa ilikuwa ghali na yenye joto la kutisha mahali pamoja. Pili, vipuri vya kizazi kile vilitaka kati ya volti 4.75 na 5.25, pembeni hapo vinaanza kukosea. Ukisafirisha ampea 20 kwenye waya na soketi zenye ukinzani (ubishi wa njia dhidi ya umeme) wa ohmu 0.02 tu, njiani umeshapoteza volti 0.4. Ulitoka na 5, umefika na 4.6, kadi ya mwisho inasahau inachokumbuka. Lakini ukitoka na 8 ukafika na 7.6, nani anajali? Regulata iko mlangoni, inakata pale inapotumika. Ni kama jengo la ghorofa lenye tenki moja juu na koki ya kupunguza msukumo kwenye kila nyumba, badala ya kujaribu kupanga msukumo mmoja utakaomfaa wa ghorofa ya kwanza na wa tisa.

Faida ya tatu inathaminiwa zaidi na anayekarabati mashine hizi leo kuliko waliozibuni. Regulata ikifa vibaya, ikaachia volti zote zipite, inaua kadi yake. Haiui nyumba nzima. Nadhani waliobuni walitafuta unafuu wa bei tu, na hekima ikaja yenyewe nyuma ya unafuu.

Gharama ya mpango huu ni joto. Regulata ya namna hii haihifadhi ziada wala hairudishi; inaichoma. Ikipokea 8 na kutoa 5, volti 3 zinabaki ndani yake, na kama ampea moja inapita, hizo ni wati 3 za moto kwenye kidude cha ukubwa wa ukucha. Ikipokea 10, ni wati 5. Ni dereva wa daladala anayekanyaga mafuta hadi mwisho na kurekebisha mwendo kwa breki: gari linakwenda sawasawa, lakini usiguse magurudumu.

Ampea 28 za nini?

IMSAI ilijivunia pawa saplai ya ampea 28 kwenye njia ya volti 8. Namba hiyo inawatisha wengi kwa kosa lilelile linalosemwa kuhusu chaja za simu, kwamba "chaja ya ampea nyingi itaichoma simu yangu". Ampea hazisukumwi, zinachotwa. Simtanki la lita elfu tano halikulazimishi kunywa lita elfu tano. Kadi inayotaka ampea moja itachota ampea moja, iwe kwenye kabati la ampea 8 au 28. Hatari ya ampea nyingi inakuja siku ya shoti tu, na hapo ni hatari kweli, tutaifikia.

Ila kwa nini 28? Kumbukumbu. Kipuri cha kumbukumbu kilichotawala enzi zile, 2102, kilibeba biti 1,024. Kadi ya kilobaiti 8 ilihitaji vipuri 64 vya namna hiyo. Tuseme kila kimoja kinakula miliampea 30. Kadi nzima inakula karibu ampea 2, na ndiyo maana kadi za kumbukumbu zina regulata mbili, tatu, hata nne zimepangwa kama madirisha. Ukitaka kilobaiti 64, ambacho ndicho kiwango cha juu 8080 inachokiona, unahitaji kadi nane, ampea 16, kabla hujawasha kadi ya ubongo wala ya diski. Altair ya kwanza ilikuwa na transfoma ndogo kwa ndoto za wanunuzi wake. Mtu alianza na kumbukumbu kidogo, akasikia habari za BASIC, lugha ya kuandikia programu, ya akina Bill Gates na Paul Allen, akanunua kadi za kuiwekea, na umeme ukaanza kupwaya. IMSAI waliona pengo hilo. Wakatengeneza kabati lenye nafasi hadi 22 za kadi na transfoma ya kuzilisha.

Hesabu ya joto kwenye mashine ile yenye kadi nane inatosha kueleza kwa nini feni zake zinaunguruma: volti 8 mara ampea 16 ni wati 128, na kati ya hizo wati 48 zinaungua kwenye regulata bila kufanya kazi yoyote. Hapo sijaongeza joto la dayodi na transfoma. Ukijumlisha vyote, kinachowafikia vipuri mara nyingi ni chini ya nusu ya ulichonunua kwa Luku.

Uzito si ubora, wala wepesi si uhuni

Chaja ya kompyuta ya kisasa ya wati 65 inaingia kiganjani. Transfoma ya IMSAI unaibeba kwa mikono miwili. Wazee watakwambia kizito ndicho cha kweli. Vijana watakwambia wazee hawakujua. Tuache ubishi, tuende kwenye eneo la ujenzi.

Unataka kupandisha zege ghorofani. Ukiwa na mtu mmoja anayepanda mara 50 tu, kila safari lazima abebe mzigo mkubwa, na ngazi lazima iwe imara. Ukiwa na msururu wa vijana wanaopokezana makarai mara elfu hamsini, kila karai linaweza kuwa dogo kama bakuli. Zege lililofika juu ni lilelile. Transfoma iliyounganishwa moja kwa moja na umeme wa ukutani inafanya safari 50 au 60 kwa sekunde, hivyo inahitaji chuma kingi kubeba kila mzigo. Pawa saplai ya kisasa, ambayo mafundi wanaiita swichingi, kwanza inaugeuza umeme wa ukutani kuwa DC, kisha inaukatakata maelfu ya mara kwa sekunde kabla ya kuupitisha kwenye transfoma ndogo. Tena haikanyagi breki: inafungua na kufunga, na inadhibiti kwa muda wa kufungua. Joto ni dogo.

Hapa pana simulizi maarufu kwamba Apple ndio walioivumbua. Apple II ya mwaka 1977 ilikuwa kweli na pawa saplai ya swichingi iliyobuniwa na Rod Holt, na kwa kompyuta ya nyumbani ulikuwa uamuzi wa kijasiri. Lakini mbinu yenyewe ilikuwa ikitumika tangu miaka ya 1960 kwenye vifaa vya anga na vya maabara. Hata Apple wenyewe, mwaka mmoja nyuma, waliuza Apple I ambayo mnunuzi alijitafutia transfoma mbili za kuilisha.

Watu wa S-100 walibaki na transfoma kwa sababu iliyo wazi ukikumbuka wateja wao walikuwa nani. Ni watu waliokuwa wakilehemu kadi kwenye meza ya jikoni. Ndani ya swichingi mna volti mia kadhaa za DC juu ya kapasita, na kosa moja ni msiba. Kwenye pawa saplai ya transfoma, ukishapita transfoma, kilichobaki ni volti ambazo haziwezi kukuua, na vipuri vinavyohesabika kwa vidole. Mtu mwenye mita ya bei nafuu anaipima yote kwa nusu saa.

Vipi ule ushauri wa kufunga pawa saplai ya kompyuta ya mezani? Tazama lebo yake: inatoa 3.3, 5 na 12. Hakuna 8. Ukiweka 5 kwenye njia ya volti 8, regulata zinatoa 3 na kitu, kadi zimelala. Ukiweka 12, kila regulata inachoma volti 7 badala ya 3, zaidi ya mara mbili ya joto iliyokusudiwa. 7805 ina akili ya kujizima ikipata moto, kwa hiyo utaona mashine inafanya kazi dakika chache, inaganda, inapoa, inaamka. Utalaumu programu. Ukitaka swichingi, tafuta inayorekebishika, uiweke 8 sawasawa, na nyingine mbili kwa ajili ya 16. Mimi sioni dhambi katika hilo, mradi ile ya zamani isitupwe.

Mashine ya Marekani kwenye umeme wetu

Hili ndilo eneo ambalo msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala anapaswa kutulia. Mashine hizi nyingi zilifungwa kwa ajili ya umeme wa Marekani: volti kama 120, mizunguko 60 kwa sekunde. Wetu ni volti 230 au 240, mizunguko 50. Kichwa cha kubadilisha umbo la plagi hakibadilishi volti hata moja. Ukikitumia hapa utakuwa umeipa transfoma msukumo mara mbili, na fyuzi ikikuwahi kabla ya moshi, shukuru. Unahitaji transfoma ya kushusha kutoka 240 hadi 120. Watu wengi wanaishia hapo. Bado kuna mizunguko.

Chuma cha transfoma kina kiwango cha sumaku kinachoweza kubeba kabla hakijashiba. Kadiri mizunguko inavyokuwa ya polepole, ndivyo kila mkupuo unavyokaa muda mrefu na kukijaza chuma zaidi. Volti zilezile 120 kwenye mizunguko 50 badala ya 60 zinakijaza kwa asilimia 20 zaidi. Transfoma iliyotengenezwa kwa ukarimu wa chuma itapata uvuguvugu tu. Iliyobanwa bei itavuma kama nyuki, itachemka na mwisho itaungua, huku fyuzi ikiangalia. Tiba ya vitabuni ni kuipa volti 100 badala ya 120. Ni kweli chuma kitapumua, lakini kila kinachotoka upande wa pili nacho kinashuka kwa asilimia 17, na ile njia ya volti 8 ikiwa na mzigo inashuka chini ya 7. Umeiokoa transfoma, umezinyima regulata. Kwa hiyo kwanza tafuta maandishi kwenye transfoma. Ikiwa imeandikwa 50/60 na ina nyaya za 240, umepona. Ikiwa ni ya 60 peke yake, iwashe bila kadi kwa nusu saa, uchomoe plagi, kisha uishike. Mkono ukishindwa kukaa juu yake, tafuta transfoma nyingine.

Mizunguko inagusa pia simtanki. Kwa mizunguko 50, mikupuo inakuja mara 100 kwa sekunde, maana yake tenki linasubiri karibu sehemu moja ya mia ya sekunde kati ya mkupuo na mkupuo. Kadi zikichota ampea 10 kutoka kapasita ya maikrofaradi 100,000 (ndicho kipimo cha ujazo wake), kiwango kinashuka kama volti 1 kabla ya kujazwa tena. Kwa mizunguko 60 kingeshuka 0.8 hivi. Mita ya kawaida haikuonyeshi mashimo hayo, inakupa wastani. Inasoma 7.4 nawe unaridhika, kumbe kila mara kiwango kinatumbukia 6.9. Dawa ya maskini asiye na osiloskopu, kifaa kinachochora umeme unavyopanda na kushuka: weka mita ya kidijitali kwenye AC, pima njia hiyohiyo ya volti 8 ikiwa na mzigo, kisha zidisha unachopata kwa 3.5. Hicho ndicho kina cha shimo, kwa makadirio ya kutosha fundi. Shimo likiwa kubwa kuliko hesabu inavyoruhusu, kapasita imezeeka.

Na jioni umeme unapopungua mtaani, ukashuka kutoka 240 hadi 200, swichingi haistuki. Transfoma haina ujanja huo. Umeme wa ukutani ukipungua kwa sehemu moja ya sita, volti 8 nayo inapungua vivyo hivyo. Stebilaiza ya friji hapa si anasa.

Kuiamsha

Kapasita iliyolala miaka thelathini ni kama mtu aliyefunga: mpe uji kabla ya pilau. Ndani yake kuna utando mwembamba unaozuia umeme kuvuja, na utando huo unaliwa na muda. Ukiipa volti zote ghafla inavuja, inapata joto, inaweza kutapika maji yake mezani. Itoe, au chomoa nyaya zake, uilishe kutoka pawa saplai ya mezani kupitia rezista, kipuri cha kubana umeme, ya kiloohmu 1, ukianza na volti 2 au 3, ukipandisha kadiri uvujaji unavyopungua. Kazi ya saa kadhaa, wakati mwingine ya siku. Isiyokubali kutulia, nunua mpya.

Kisha ile mbinu ambayo mafundi redio wetu wanaijua tangu zamani: balbu ya waya, si ya kuokoa umeme, iliyounganishwa kwa mfululizo na mashine. Ikimulika mara moja na kufifia, ni simtanki linajaa. Ikiendelea kuwaka kwa nguvu, kuna shoti, na balbu imekuokoa.

Vua pete. Kapasita ya maikrofaradi 100,000 yenye volti 10 haiwezi kukutetemesha, lakini bisibisi au pete ikigusa ncha zake mbili inatoa ampea nyingi mno kwa mpigo mmoja, na chuma kinayeyuka kikiwa kidoleni. Baada ya kuzima, ipe rezista imalize maji yake, na pima kabla ya kugusa. Hili linahusu kuchomoa kadi pia. Kumbuka pini ya 1 ni volti 8 na jirani yake wa karibu kabisa, pini ya 2, ni 16. Upande wa pili 51 na 52 wamekaa hivyohivyo, na 52 ni hasi. Ni mpangilio mbaya, na sijui namna ya kuutetea. Kadi ikichomolewa kwa kuinama huku tenki lina maji, pini mbili jirani zinagusana na vipuri vya volti 5 vinapata habari.

Kabla ya kurudisha kadi yoyote, ipime ukinzani kati ya pini ya 1 na ya 50, ukitafuta shoti. Karibu na regulata pana vikapasita vidogo kama tone la maji, vya tantalamu, ambavyo vikifa hupiga shoti. Kwa ampea 28 nyuma yake, tone hilo linawaka kama njiti ya kiberiti.

Halafu rudisha kadi moja moja, mita ikiwa palepale kwenye pini ya 1, ukizima na kumwaga tenki kila mara. Bila kadi: 10.6. Na ya ubongo: inashuka kidogo. Na kumbukumbu ya kwanza, ya pili, ya tatu: 9 na kitu, kisha 8 na kitu. Ile kadi itakayoipeleka karibu na 7, ichomoe. Mashine imeshakuonyesha mwisho wa uwezo wake.